Harambee ya Ukuta wa Majina: Tunaomba Mkono Wako

Wanausharika, majirani zetu, na ninyi watoto wa kijiji mliotawanyika mijini na ng'ambo, tunawasalimu katika jina la Bwana.

Mwezi uliopita kamati yetu ilipanga kwenda kumsikiliza mzee mmoja aliyepigana Vita vya Kagera. Tulikubaliana iwe Jumamosi, saa nne asubuhi. Kinasa sauti tuliazima kwa mwalimu, daftari jipya likanunuliwa, hata maswali tukayaandika. Alhamisi jioni tukapigiwa simu. Jumamosi tulifika kweli, na saa nne ileile, ila tulikwenda kuzika.

Baada ya matanga mjane wake alituita ndani akafungua sanduku la bati. Chini ya mashuka palikuwa na kipande cha khanga kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na medali, kifungo kimoja cha shaba, na picha iliyoliwa na mchwa pembeni. Vijana wanne wamesimama mbele ya lori la jeshi, wote wembamba kama fito. Marehemu ni wa pili kutoka kushoto. Tukamuuliza mama, huyu wa kwanza ni nani? "Huyo ndiye aliyekuwa akimtaja kila siku," akasema, "lakini jina lake mimi sikulishika."

Ndiyo maana tunawaandikia leo na si mwakani, kuomba mchango wa kujenga ukuta utakaochongwa majina ya wazee wetu.

Jina la mtu wa kawaida halihitaji adui ili lipotee. Chukueni wale wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani na Waingereza, wote walichukua vijana wa nchi hii kuwa askari na wapagazi, na zipo koo zilizokuwa na watu pande zote mbili. Walibeba risasi, unga na hata vitanda vya maofisa kupita Rufiji na Mahiwa, wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, mpaka vita vikaja kwisha Mbala, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Huko Ulaya bunduki zilikuwa zimenyamaza wiki mbili kabla. Wapagazi wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na nimonia, wakaachwa kando ya njia. Hesabu yao hukadiriwa kwa makumi ya maelfu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kuwa marehemu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, na wengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote.

Nendeni Dar es Salaam mkamtazame yule askari wa shaba pale Posta, aliyesimamishwa mwaka 1927. Maandishi ya chini yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, tena yanaahidi kwamba anayeifia nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini jina lenyewe, hata moja, hutalikuta. Wapagazi tunawataja zaidi pasipo kujua, kila tunapomwambia kondakta "nishushe Kariakoo", maana mtaa ule umepata jina kutokana na kikosi chao, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps.

Baada yao, katika Vita Kuu ya Pili, walikuja wa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopelekwa mpaka Burma kupigana na Wajapani mwaka 1944. Kisha mwaka 1978, Idi Amin alipoivamia Kagera na Mwalimu akatangaza kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo, mgambo walitoka vijijini, wengine wakiwa wameacha jembe shambani. Waliokufa katika vita hivyo wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba, na serikali huwaenzi. Waliorudi wakazeeka kimyakimya katikati yetu, wanatufia mmoja mmoja.

Kamati ilibishana sana kuhusu nani aingie ukutani. Kuna waliotaka wapiganaji peke yao. Mzee mmoja akauliza, tena kwa ukali, mpiga kengele wetu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka zaidi ya thelathini alipigana vita gani? Na yule aliyechimba makaburi ya kijiji kizima bila kudai hata chai? Mimi nilikuwa upande wa wapiganaji, nikashindwa, na leo nashukuru nilishindwa. Ukuta utakuwa wa wote. Majina yatafuata alfabeti, bila vyeo. Koplo atakaa jirani na mchunga mbuzi.

Tunachojenga ni ukuta wa mawe upande wa mashariki wa kanisa, wenye vibao vya marumaru vilivyochongwa majina, na benchi la kukalia. Pamoja nao kitatoka kijitabu cha masimulizi ya familia, maana jina tupu bila habari halimwambii mjukuu kitu. Vyote vinahitaji shilingi milioni 11. Mkononi tunazo milioni 3 na laki 4. Mafundi wa hapa wamejitolea nguvu zao, mawe tunayo; kinachotula fedha ni marumaru na uchongaji, kwa kuwa fundi wa kuchonga analipwa kwa herufi. (Wenye majina marefu msione haya, hatutakata hata la mtu mmoja.)

Harambee yenyewe ni Jumapili ya mwisho ya Julai, siku chache baada ya Siku ya Mashujaa, mara tu ibada itakapokwisha. Asiye na fedha alete kuku, mkungu wa ndizi au trei ya mayai, tutapiga mnada kama kawaida yetu. Walio mbali wawasiliane na mweka hazina kupitia wazee wa mitaa yao, na kila mchango utaandikiwa risiti. Hesabu zitabandikwa ubaoni kila mwezi, senti kwa senti. Na ieleweke: jina la mzee wenu halitegemei mchango wenu. Hata familia isiyotoa kitu italeta jina, nalo litachongwa.

Pamoja na mchango, fungueni masanduku. Leteni picha, vipande vya karatasi, medali. Tutavipiga picha mbele yenu na kuwarudishia papo hapo.

Ile picha ya wale vijana wanne tumeibandika mlangoni mwa ofisi ya usharika. Wa kwanza kushoto ameshika kofia mkononi, ana kovu juu ya jicho la kulia, na anacheka. Anayemfahamu atuambie jina lake.