Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Malindi

Wanachama wenzangu, assalaam aleikum na hamjambo nyote.

Hesabu za chama mtasomewa na mweka hazina, na ada tutaijadili kwenye mengineyo. Mimi nitasema juu ya kazi iliyotukusanya: kuwafunza na kuwalea wenzetu wenye biashara za kuinufaisha jamii, hadi zikue.

Mwaka huu kamati ilipunguza semina za ukumbini. Semina ina raha yake, chai, mandazi na cheti cha kutundika ukutani, lakini mtu akirudi Barani au Mambrui anauza vilevile alivyokuwa akiuza. Tukaona afadhali mlezi amfuate mwanachama pale pale anapofanyia kazi, mwezi baada ya mwezi.

Chukueni kikundi cha akina mama wa mabuyu kule Maweni, ambao hulipia mayatima karo. Mlezi wao hakuja na makaratasi. Aliketi jikoni, sufuria ya sukari ikichemka, akauliza: pakiti moja inawagharimu nini? Wakataja mabuyu, sukari, rangi, iliki, pilipili. Makaa wakayasahau, na nauli ya bodaboda pia. Kazi yao wenyewe, ya kukoroga tangu alfajiri, hawakuihesabu kabisa. "Kwani biashara si yetu?" Hesabu ilipopigwa upya, ikadhihirika kwamba ile karo haikuwa faida, ilikuwa ujira wao ambao hawajawahi kujilipa. Bei imepanda kidogo, wateja wamenung'unika, na sasa kila mama hupokea chake kabla ya fungu la karo kutengwa. Wapo wanachama walioniambia kufanya hivyo ni kukosa huruma. Mimi nawauliza: akina mama hawa wakichoka, karo italipwa na nani?

Wakikua zaidi, kuna kodi pia ya kuweka kwenye bei. Mauzo yakivuka shilingi milioni 1 kwa mwaka, kodi ya mauzo ghafi ni asilimia 3, nayo hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Vikundi vyenye vyeti vya zamani, hakikisheni mko sawa na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022.

Tatizo jingine ni kukopesha wateja. Mzigo unapelekwa hotelini Desemba, malipo yanaahidiwa Januari, mara masika yameingia, wageni hawapo, na meneja hashiki simu. Mwenzetu wa sabuni za mafuta ya nazi nusura afunge duka kwa sababu hiyo. Walezi sasa wanasisitiza nusu ya pesa ilipwe kabla mzigo haujatoka.

Ziara ya Gede ilinifurahisha sana. Mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, hununua pupa za vipepeo, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda, kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuziuza ng'ambo, kwenye nyumba za maonyesho. Pupa lazima ifike kabla kipepeo hajatoka, kwa hivyo hapo hakuna "njoo kesho". Na kwa kuwa mbegu ya vipepeo hao inatoka msituni, mkulima ana sababu ya mfukoni ya kutotaka msitu ukatwe. Hapo ndipo ningependa kila mmoja wetu ajipime: nikiuza zaidi, lengo langu linanufaika au linaumia? Vijana wetu wanaookota plastiki ufukweni hawana wasiwasi na swali hilo. Plastiki hiyo hiyo, wenzetu wa Lamu waliiundia jahazi, Flipflopi, likashushwa majini mwaka 2018.

Shida yetu kubwa ni kwamba walezi hawatoshi. Ninaomba waliokwisha kulelewa nao wachukue mtu mmoja mmoja. Hatuhitaji msomi, tunahitaji mtu aliyewahi kudaiwa na kudai. Katibu ana daftari pale mlangoni. Akina mama wa samaki wa Mayungu ndio wanaosubiri kwa muda mrefu zaidi, kwa hivyo anayejua biashara ya samaki na barafu aandike jina lake kwanza.