Mama, mawese yameganda

Leadville, Colorado
Januari

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, hofu ni kwenu hapo Ujiji. Ile chupa ya mawese uliyonifungia kwenye khanga ingali na robo. Tangu Novemba imeganda kama sabuni. Nikitaka kupika huikalisha kwanza kwenye maji ya moto mpaka wekundu wake uanze kuteleza kwenye kioo. Harufu ikishatoka, nakuwa nimefika nyumbani.

Uliniuliza tunaishije na baridi, na simu ikakatika. Mji huu uko mlimani, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari; ziwa letu liko mita 770 na ushee. Maji huku huchemka yakifika nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharage bila sufuria ya presha ni kazi ya kutwa. Usiku mwingine baridi hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri.

Lakini kinachoninyima usingizi ni bomba la maji. Maji yakiganda hutanuka, karibu asilimia 9, na ndani ya bomba hayana pa kwenda. Bomba hupasuka kimya kimya, balaa lenyewe unaliona barafu ikiyeyuka. Mwaka juzi nilitoka zamu ya usiku nikakuta dari la jikoni limetuna, linavuja kila upande, na sikujua koki kubwa iko wapi. Jirani yangu, bibi aliyeshapita miaka themanini, alikuja na tochi, akapiga magoti chini ya ngazi akaifunga kwa mikono yake. Kisha akanikalisha kunifundisha. Usiku wa baridi kali acha maji yatoke bombani kama uzi. Fungua kabati la chini ya sinki ili joto lifike ukutani. Hita usiizime hata ukisafiri.

Tangu siku hiyo theluji ya mlangoni kwake naiondoa mimi. Mtaa wetu tunachanga kila mwezi kumlipa mwenye greda, naye hupita alfajiri kusafisha barabara, ila greda likipita linaacha tuta la theluji mbele ya kila nyumba, limeshindiliwa gumu kama udongo wa kichuguu. Hilo ni lako na beleshi lako. Nikimaliza njia nazunguka nyuma ya nyumba kufukua tundu la moshi wa hita. Likizibwa na theluji, hewa ya sumu hurudi ndani, na haina rangi wala harufu.

Mama, hewa hiyo ndiyo ileile ya jiko la mkaa. Najua mvua zikikaza Shangazi hupenda kuliingiza chumbani kwa watoto, anasema makaa yameshashika na moshi umekwisha. Moshi umekwisha, sumu bado ipo. Nakuomba sana, jiko lilale nje, hata kama watoto watalala na mablanketi mawili.

Paa nalo lina mambo yake. Joto la nyumba likipenya darini, theluji ya juu huyeyuka, maji yakateremka hadi ukingoni kwenye baridi na kuganda tena. Barafu hiyo huwa kama kingo ya bwawa, maji yanayofuata yakarudi nyuma na kuingia chini ya paa. Ndiyo maana tunazisafisha kingo za paa kwa reki yenye mpini mrefu, tukiwa tumesimama chini.

Nikiwa kwenye kazi hiyo ndipo nilipokumbuka bati la jikoni kwetu, lile unalolitegea beseni. Nimemtumia mdogo wangu hela ya bati nne, misumari na fundi. Asingoje masika yapite. Mwambie anipigie picha fundi akiwa juu, na kenchi zile mbili za upande wa mwembe azitazame kama hazijaliwa na mchwa.

Akipatikana msafiri, nitumie dagaa wa Kibirizi kidogo. Yule bibi jirani amewaonja mara moja na huniulizia kila tukionana.

Greda limepita sasa hivi, nimelisikia. Natoka kabla bibi hajachukua beleshi mwenyewe.

Ni mimi mwanao