Kabla hujatuma hela kwa muuza sarafu

Habari za jioni ndugu zangu. Wengi mmeniuliza pembeni kama yule jamaa anayeuza "dhahabu ya tembo" kwa picha za WhatsApp ni wa kweli. Simfahamu, kwa hiyo msitume hela kwanza.

Hiyo dhahabu ya tembo ni ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa na Wajerumani hapa hapa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli; ina herufi T na uzito wa gramu 7.17 hivi. Zilitoka kama 16,000 tu, na bandia zipo tele. Muuzaji akigoma isipimwe kwa sonara, hapo hamna biashara. Picha ya upande mmoja msiikubali, ombeni pande zote mbili na ukingo. Anayeanza namshauri aanze na heller 20 (sarafu ndogo za Wajerumani zisizo za dhahabu) za mwaka huohuo, bei yake inavumilika.

Kwa sarafu za nje, tafuteni wanachama wa IAPN, chama cha kimataifa cha wauzaji kilichoanzishwa 1951. Hao hutoa dhamana ya uhalisi. Sarafu ikiwa ndani ya kasha la NGC au PCGS, kampuni zinazokagua sarafu na kuzifungia kwenye kasha lenye cheti, ingizeni namba ya cheti kwenye tovuti yao, mlinganishe picha. Makasha nayo yanaghushiwa, jamani!

Za kale, ziwe za Kirumi au za Kilwa, ulizeni karatasi za mauzo ya awali. Zilizofukuliwa nchini zina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na humu kundini sitaki ziuzwe kabisa.

Jumamosi saa kumi jioni tunakutana kama kawaida. Mwenye mizani ndogo aje nayo, yangu betri imekwisha.