Mhariri, msimlaumu mpiga picha, angalieni nukta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Picha ikitoka nyeusi tii gazetini lawama zote kwa mpiga picha, oh kamera mbovu, oh hajui mwanga, kumbe mara nyingi picha ilikuwa safi kabisa mpaka ilipofika kwa anayepanga kurasa kwenye kompyuta. Mtambo wa kuchapa hauna wino wa kijivu, una mweusi tu, kwa hiyo picha lazima ivunjwe iwe nukta, kubwa penye giza na ndogo penye mwanga, ndo haftoni hiyo, jicho lenyewe linazichanganya linaona kijivu. Chukua kioo cha kukuzia uangalie shavu la mtu yeyote ukurasa wa mbele utaziona.

Sasa jamaa akifika kwenye programu pale pa kujaza mistari kwa inchi, yaani safu za nukta ndani ya inchi moja, anaweka 150, eti namba kubwa ndo safi. Hiyo ni ya majarida, karatasi inayong'aa! Karatasi ya gazeti inanyonya wino, nukta inavimba, zikibanana zinashikana, basi nywele, macho na koti vyote doa moja, na wanaoumia zaidi ni wenye ngozi nyeusi maana sura nzima iko upande wa nukta kubwa. Gazeti 85 inatosha, au 100 kama karatasi ni nzuri kidogo, na picha ing'arishwe kabla haijaenda mtamboni.

Wanaotoa kurasa kwa printa ya leza nao wana balaa lao. Printa ya doti 600 kwa inchi, yaani vitone vidogo vya printa yenyewe, ukiipa mistari 60, kila nukta inajengwa ndani ya kisanduku cha doti 10 kwa 10, unapata ngazi 101 za kijivu ukihesabu na nyeupe tupu. Ipandishe hadi mistari 150 kisanduku kinabaki 4 kwa 4, ngazi 17 basi, uso unatoka na mabaka kama ramani.

Halafu acheni huu mtindo wa kuskani picha kutoka gazeti jingine, ile ina nukta zake tayari, ukiiongezea zako zinagombana unapata mawimbi ya ajabu ajabu. Tafuteni picha yenyewe.

Ombi langu ni dogo tu, fundi achape picha moja kwa mistari 85, 100 na 120 kwenye karatasi ileile ya gazeti muamue kwa macho. Msiamulie kwenye kompyuta, kule zote zinapendeza.

Msomaji wenu