Mpira wa kulipia Marekani: ada haifiki nusu ya gharama

NDUGU MHARIRI,

Ndugu aliyeko Kigoma au Bujumbura akiambiwa na jamaa zake wa Kentucky kwamba mwezi huu hakuna cha kutuma kwa sababu “mtoto analipiwa mpira”, asidhani anazungushwa. Huku Marekani mpira wa watoto una bei, na Mei na Juni ndiyo miezi ya kupigwa bei hiyo. Mtoto anafanya majaribio ya kuingia klabu siku mbili, barua pepe inaingia usiku, na mzazi anapewa saa 24 au 48 akubali na kutoa malipo ya kwanza, ambayo kwa kawaida hayarudishwi. Wengi hulipa kwa kuogopa nafasi isipotee. Naomba nafasi kwenye gazeti lenu niwawekee wazazi hesabu mezani kabla saa hizo hazijaisha.

Tuchukue mtoto wa miaka 12 wa Louisville, klabu ya kusafiri, yaani inayokwenda kucheza hata miji mingine, ikitaja ada ya dola 2,200 kwa mwaka, kiwango cha kawaida tu. Ada hiyo inamlipa kocha, uwanja na ligi. Sare hununuliwa pale tu klabu ilipoelekeza: jezi mbili, bukta, soksi, fulana za mazoezi, begi, weka 300. Mashindano matano kwa mwaka, kila moja timu ikilipa 900, yakigawanywa kwa wachezaji 16 ni kama 280 kwa kila mtoto. Safari na chumba cha kocha navyo hugawanywa, weka 100. Mashindano matatu kati ya hayo yako nje ya mji, tuseme Indianapolis, Cincinnati na Nashville: hoteli siku mbili mbili kwa dola 140 ni 840, chakula 360, petroli 100. Kinachosahaulika ni petroli ya mazoezi. Maili 12 kwenda na 12 kurudi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 40, ni maili 2,880. Gari linalokwenda maili 24 kwa galoni litakunywa galoni 120, kama dola 370. Jumla ni 4,550. Ile ada iliyoandikwa kwa wino mweusi haifiki hata nusu.

Na usijisemee moyoni kwamba Nashville utalala kwa binamu yako. Mashindano mengi yanailazimisha timu kulala kwenye hoteli zilizo katika orodha ya waandaaji, na timu isiyotimiza idadi ya vyumba inaweza kuenguliwa. Wenye binamu waulize mapema.

Sasa, unanunua nini? Klabu kubwa huwa na timu tatu au nne za umri mmoja. Ya kwanza hupewa kocha mwenye leseni ya juu na ligi nzuri. Ya nne mara nyingi hupewa kijana wa chuo anayetafuta hela ya matumizi, na ada yake ni ileile au imepungua kidogo tu. Wachezaji 16 mara 2,200 ni dola 35,200, na sehemu ndogo sana ya hizo humfikia yule kijana. Timu ya nne ndiyo inayoilisha ya kwanza, na watoto wetu wengi, wanaochelewa kujulikana, huingilia mlango wa timu ya nne. Kwa hiyo usiulize jina la klabu. Uliza jina la kocha wa timu hiyohiyo mtoto aliyopangiwa, ana leseni gani, na anafundisha timu ngapi jioni hiyo.

Kisha nenda ukaangalie mazoezi, na uende na saa. Mchague mtoto mmoja wa kawaida, asiwe nyota, uhesabu dakika anazosimama kwenye foleni akingoja zamu ya kupiga golini. Akisimama dakika 40 katika 90, hiyo ni foleni ya kisimani, si mazoezi. Siku ya mechi fanya vivyo hivyo kwa walio benchi. Timu ya wachezaji 18 inayocheza 11 kwa 11 ina saba nje ya mstari, na wa mwisho kati yao huenda akapanda gari saa mbili kwenda kucheza dakika 15.

Kwa mtoto asiyetimiza miaka 11 mimi sioni sababu ya kusafiri hata moja. Kundi la walio chini ya miaka 10 wanacheza saba kwa saba, vipindi viwili vya dakika 25, mpira namba 4, na kupiga kichwa kumekatazwa. Dakika 50 hizo zinapatikana mtaani. Ligi nyingi za jirani huchukua dola 100 hadi 200 kwa msimu, na AYSO, shirika la ligi za watoto lililoanzishwa California mwaka 1964 na kuendeshwa na wazazi wa kujitolea, linataka kila mtoto acheze angalau nusu ya mechi. Kocha wa timu ya nne hana sharti hilo.

Hoja inayofungua pochi nyingi ni ufadhili wa chuo. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo, iliruhusiwa ufadhili sawa na wachezaji 9.9 tu, ukagawanywa kwa kikosi cha 25 au zaidi. Wanawake walikuwa na 14, na kwao mlango ni mpana zaidi mpaka leo. Tangu msimu wa 2025 vyuo vilivyoingia katika makubaliano mapya ya mahakamani vimeondolewa kikomo hicho na kuwekewa kikosi kisichozidi wachezaji 28. Lakini chuo kuruhusiwa kutoa si kulazimishwa kutoa. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Upande wa pili, 4,550 kwa miaka sita ni 27,300, na hizo zinalipa ada ya masomo ya miaka miwili au zaidi katika vyuo vingi vya serikali kwa mkazi wa jimbo.

Njia za bure zipo. Akademi za timu za MLS, ligi kuu ya huku, kwa sehemu kubwa hazitozi ada, na shule nazo zina timu. Bernard Kamungo, mtoto wa wakimbizi wa Kikongo aliyezaliwa na kukulia kambini Nyarugusu, Kasulu, alifika Abilene, Texas, mwaka 2016, akaichezea timu ya sekondari, kisha akaenda majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, na kusajiliwa mwaka 2021. Agosti 2023 aliifunga Inter Miami ya Messi akiwa na FC Dallas, na Januari 2024 akavaa jezi ya taifa ya Marekani. Mmoja hathibitishi kitu, najua. Clint Dempsey, aliyekuja kuwa nahodha wa Marekani, utotoni alipelekwa kucheza kutoka Nacogdoches, Texas, hadi Dallas, mwendo wa saa tatu, na wazazi wa wenzake wakasaidia gharama. Hiyo ndiyo sababu halali ya kusafiri: mtoto amekwisha kuwazidi wote walio karibu naye. Kabla ya hapo unalipia barabara.

Aliyeamua kulipa aombe msaada wa ada Machi au Aprili, kabla ya majaribio, maana fungu huisha mapema. Aandae fomu ya kodi na barua ya shule ya chakula cha bure, na aulize kama msaada unagusa sare na safari. Mara nyingi haugusi. Aulize kwa maandishi mtoto akivunjika mguu Septemba itakuwaje. Katika klabu nyingi ada ya mwaka mzima bado inadaiwa.

Kwa mtoto aliyezaliwa nje ya Marekani akatimiza miaka 10, kanuni za FIFA zinahitaji kibali cha usajili. Maombi hupelekwa na klabu pamoja na cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na hati za kuingia nchini. Yakianza Agosti, mtoto anaweza kumaliza Septemba akiwa mtazamaji huku ada inahesabika. Na kuanzia msimu wa 2026/27 ligi nyingi zinapanga umri kwa kuhesabu kutoka 1 Agosti hadi 31 Julai, si kwa mwaka wa kalenda. Watoto wengi wa makambini waliandikiwa kuwa wamezaliwa 1 Januari. Walizoea kuwa wakubwa wa kundi lao, sasa watajikuta katikati, pengine na timu tofauti. Uliza mtoto amepangiwa kundi gani kabla ya kutoa malipo ya kwanza.

Mwalimu wa mpira wa vijana,
Louisville, Kentucky