Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tanga

Ndugu Makamu Mwenyekiti, ndugu Katibu, ndugu Mweka Hazina, mzee wetu mlezi wa chama chetu cha kuonyesha filamu, na ninyi wanachama wachache mliofika. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Akidi imetimia kwa kumhesabu mlezi, jambo ambalo katiba yetu inaliruhusu, kwa hiyo naomba lisiibuliwe tena kwenye mengineyo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Maonyesho ya kila mwezi yamefanyika, isipokuwa Ramadhani na zile wiki za masika. Darasa la vijana la kuandika tafsiri linaendelea, kadi mpya zimechapwa, na ziara ya makumbusho ya Urithi ilikwenda vizuri. Mengine yamo kwenye taarifa ya Katibu.

Niingie kwenye lile lililowafanya baadhi yenu mjitoe kwenye grupu la WhatsApp: uamuzi wa kuonyesha filamu ya Blade Runner kwa toleo la 2007 kwenye onyesho letu kubwa la Ngamiani, badala ya lile la 1982 lenye masimulizi, yaani sauti ya mhusika inayoieleza filamu. Nimepokea barua yenye saini za wanachama wakongwe. Inasema Mwenyekiti aliamua peke yake, kwamba toleo hilo halieleweki kwa mgeni, na kwamba rangi yake ni ya kijani kupita kiasi.

La kwanza ni jepesi. Kamati ya Utendaji iliitwa kwa taarifa ya siku saba. Waliokuja tulikuwa watatu. Wajumbe wanne hawakufika wala hawakutoa udhuru, na wawili kati yao ndio wametia saini barua hii. Aliyekosa kikao atasemaje kwamba hakushirikishwa?

La pili linahitaji maelezo, hasa kwa wanachama wapya. Filamu hii ya Ridley Scott, iliyotokana na riwaya ya Philip K. Dick ya 1968, inamhusu Deckard, aliyekuwa polisi, anayerudishwa kuwasaka replikanti, yaani watu wa kutengenezwa, waliotoroka. Nayo haina sura moja. Ipo kopi ya kazi, yaani nakala ambayo haijakamilika, ya dakika 113, ambayo watazamaji wa majaribio walionyeshwa Denver na Dallas mwezi Machi 1982. Yapo matoleo mawili ya kumbini ya mwaka huohuo, la Marekani na la nchi za nje. Lipo la televisheni la 1986 lililopunguzwa makali. Lipo la 1992 linaloitwa la mwongozaji, na hili la 2007 linaloitwa la mwisho.

Masimulizi yanayotetewa kwenye barua yalitokana na lile jaribio. Watazamaji walitoka hawajaelewa, wenye fedha zao wakaogopa, Harrison Ford, aliyeigiza Deckard, akaitwa studio aieleze filamu kwa sauti yake. Wakabandika na mwisho wa furaha: Deckard na mpenzi wake Rachael wanaendesha gari kwenye milima ya kijani. Picha zile za angani hazikupigwa kwa ajili ya filamu hii. Ni mabaki ya upigaji picha wa The Shining ya Stanley Kubrick. Mwanachama anayesema toleo la 1982 ndilo asilia atuambie uasilia gani unaanzia kwenye mabaki ya filamu ya mtu mwingine.

Tazameni pale Roy Batty, kiongozi wa replikanti, anapokufa baada ya kumwokoa Deckard. Amekaa juu ya paa kwenye mvua, kichwa kimeinama, mkono umelegea, njiwa ameruka. Kwenye toleo la 2007 unabaki na mvua, muziki wa Vangelis na uso wa Deckard anayefumba macho. Kwenye la 1982, hujameza hata mate, sauti ya Ford inaingia kukukisia kwa nini jamaa alimwokoa. Najua vibanda umiza vyetu vimetulea na DJ wa kutafsiri anayezungumza mwanzo hadi mwisho, na sina ugomvi na kazi hiyo. Lakini DJ yule anamtafsiria asiyejua lugha. Hapa mtu anaelezwa uso anaouona mwenyewe.

Nawapa haki kwenye jambo moja. Zile dakika za mwanzo, pale Deckard anaposubiri nafasi kwenye kibanda cha tambi, masimulizi yanamsaidia mgeni kujua huyu ni nani na kazi aliyoiacha ni ipi. Ndiyo maana niliandaa karatasi ya ukurasa mmoja na kuitoa kopi kwa fedha zangu. Nyingi zilitumika kufungia karanga.

Kuna waliouliza kwa nini basi tusichukue la 1992. Jina lake linadanganya. Kopi ya kazi ilipoonyeshwa tena Los Angeles na San Francisco mwaka 1990 na 1991 na kujaza kumbi, kampuni iliona soko, na toleo jipya likatengenezwa kwa haraka kwa kufuata maelekezo ya Scott, yeye mwenyewe akiwa na kazi nyingine. Masimulizi yaliondolewa, mwisho wa furaha ukakatwa, ndoto ya farasi wa pembe moja ikaingizwa, lakini makosa mengi yalibaki. La 2007 ndilo pekee ambalo Scott alikuwa na kauli ya mwisho juu yake. (Farasi yule hakutolewa kwenye Legend, filamu nyingine ya Scott ya 1985, kama ilivyodaiwa kwenye grupu. Alipigwa picha kwa ajili ya filamu hii hii.)

Makosa yenyewe ni haya. Mwaka 1982 na 1992, Bryant, mkuu wa Deckard polisi, anasema replikanti sita walitoroka na mmoja akafa kwa kuungua na umeme. Wanabaki watano, lakini wanaosakwa ni wanne: Roy, Pris, Leon na Zhora. Mabishano yote kwamba wa tano ni Deckard yamejengwa hapo, wakati kisa chake ni mhusika aitwaye Mary aliyeondolewa kwenye hadithi huku hesabu ikisahauliwa. Mwaka 2007 Bryant anasema wawili walikufa, hesabu ikakaa sawa. Anayetaka kuamini kwamba Deckard ni replikanti bado anaye farasi wa pembe moja wa karatasi aliyeachwa na Gaff, polisi mwenzake, na ana kauli ya Scott mwenyewe, ingawa Ford alibishana naye. Ila hesabu ya Bryant asiitumie tena. Vilevile, Zhora anapovunja vioo, zamani ilionekana wazi kwamba ni mwanamke mwingine mwenye nywele bandia. Joanna Cassidy aliitwa akarekodiwa upya na uso wake ukawekwa pale.

Wazee walionipigia simu kuhusu ukatili wa macho ya Tyrell, mwenye kampuni iliyowatengeneza replikanti, wana haki ya kushtuka. Kipande hicho kilikuwa kwenye toleo la nje la 1982 na kimerudi 2007. Tangazo letu liliandika watoto wasije. Isitoshe, 1982 na 1992 Roy anamtusi Tyrell tusi zito anapodai uhai zaidi. Mwaka 2007 anamwita baba. Kwa hadhara ya Ngamiani hilo si jambo dogo.

Kuhusu kijani: ni kweli, rangi za 2007 zimeelemea buluu na kijani. Sehemu nyingine ya kijani ile, hata hivyo, ilikuwa ya projekta iliyowekwa kwenye hali ya mwanga mkali na mtu aliyeigusa bila ruhusa. Iwekwe kwenye hali ya sinema na isiguswe.

Ili tusirudie kubishana, utambuzi wa toleo ufanyike kabla ya siku ya onyesho. Jina lililoandikwa kwenye flashi lisiaminiwe. Tulishaletewa flashi ya "mwongozaji" ambayo ndani yake Ford anasimulia. Dakika nazo haziaminiki: diski za mfumo wa video wa PAL huenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 117 inaonyesha 112. Fungua kwenye kibanda cha tambi. Ukisikia masimulizi, ni la 1982. Kama hakuna, nenda kwa njiwa: akirukia anga la mchana ni la 1992, akirukia usiku wenye mvua ni la 2007. Inachukua dakika tano.

Kasi hiyohiyo ndiyo iliyoharibu maandishi ya tafsiri. Faili lililopangwa kwa picha 25, likiwekwa kwenye kopi ya picha 23.976 kwa sekunde, linatangulia karibu dakika mbili na nusu kila saa moja. Kusogeza mwanzo peke yake hakusaidii, kwa sababu pengo linakua. Kila muda uzidishwe kwa 25 na kugawanywa kwa 23.976, ndipo usogeze. Na faili la 1982 lisitumike kwa 2007 hata likienda sawa, maana masimulizi yataandikwa chini huku hakuna anayesema.

Sauti: laptopu ikiachwa kwenye chaneli 5.1, yaani sauti ya spika sita, na sabufa yetu ni ya chaneli mbili, mazungumzo yaliyoko kwenye chaneli ya kati yanapotea, mnabaki na mvua na muziki. Ibadilishwe iwe sterio. Pazia letu la marekani lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.7, lakini picha ya filamu hii inachukua kimo cha mita 1.25 tu. Juu na chini panabaki kama sentimita 22 kila upande za kijivu zinazoua giza la picha. Fungeni kaniki hapo. Upindo wa chini utiwe bomba la plastiki, upepo wa baharini usiligeuze tanga.

Umeme ulipokatika, taa ya projekta ilizimika ikiwa na moto na feni ikasimama nayo. Ndiyo sababu tumenunua taa nyingine. Yuu-pii-esi ndogo, yaani betri ya akiba, inatoa dakika chache, zinatosha feni kuipoza. Niliomba inunuliwe mwaka juzi, imo kwenye muhtasari.

Waliofika usiku ule hawakuzidi thelathini, nusu yao si wanachama. Kulikuwa na mechi Mkwakwani jioni, nakubali, lakini sisi tulianza saa mbili na nusu usiku, baada ya Isha, na mpira ulishaisha. Kati ya waliotia saini barua, aliyekaa hadi mwisho ni mmoja. Wengine wanalaumu rangi walizozisikia kwenye simu.

Fedha: tulianza na shilingi 184,000, ada 270,000, kiingilio 96,000, jumla 550,000. Taa ya projekta na petroli ya jenereta 310,000. Ukumbi, viti, soda na mengineyo 151,500. Mkononi zipo 88,500. Wanachama ni 43, ada ni shilingi 15,000 kwa mwaka mzima, na waliolipa ni 18. Shilingi 375,000 ziko mifukoni mwenu. Wapo wanaodai kura ya kuchagua toleo huku hawajalipa kwa miaka miwili, na katiba iko wazi kwamba asiyelipa hapigi kura. Nimekuwa mpole mno kuisoma ibara hiyo kwa sauti.

Mwaka ujao, panapo majaaliwa, tunatarajia kulionyesha la 1982 pia, usiku wake wa peke yake, ili wakongwe nao wasikie sauti yao. Tunatumaini kupata ukumbi wenye paa, kushirikisha shule, na pengine kuwafikia wenzetu wa Bagamoyo. Itategemea ada.

Aliyeazima ekstensheni ya mita ishirini airudishe kwa Mweka Hazina kabla ya Ijumaa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Ngamiani, Tanga