Muulizeni mama: mtoto anatapika saa ngapi?

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu dalili za uvimbe wa ubongo. Binti yangu, akiwa darasa la pili, alianza kuumwa kichwa mwezi wa tatu mwaka jana. Alikuwa akiamka nacho alfajiri. Anakaa kitandani kajishika kisogo, anatapika, na baada ya nusu saa anaomba uji na kwenda kucheza. Ikifika mchana ungeapa haumwi chochote.

Kwa wiki saba tulikwenda zahanati mara nne. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, ila mara mbili alipewa dawa mseto, kisha dawa ya UTI, kisha ya minyoo. Jirani mmoja alisema anakwepa shule. Mwingine akanong'ona habari za mashetani.

Hakuna aliyeniuliza anatapika saa ngapi, nami sikujua kama saa ina maana. Kumbe ina maana kubwa. Fuvu ni mfupa, na mtoto akishatoka uchanga halitanuki kirahisi. Uvimbe ukikua ndani yake, au ukiziba njia ya maji ya ubongo, shinikizo hupanda, na mtu akilala hupanda zaidi. Ndiyo sababu maumivu huja alfajiri, na huongezeka akikohoa au akiinama.

Madaftari yake ninayo hadi leo. Ya Februari herufi zimekaa juu ya mstari; ya mwezi wa nne zinaporomoka hadi mstari wa chini, na pembeni kuna kalamu nyekundu: "Andika vizuri." Alikuwa pia ameanza kutembea miguu kaitanua, kichwa kakilaza begani. Nilidhani kalala vibaya shingo.

Aliposema ananiona niko wawili, nilimpeleka kwa mtaalamu wa macho. Alimmulika ndani ya jicho, akaona mshipa wa fahamu umevimba, akaandika rufaa siku ile ile. Alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Wengi hawajui kwamba pale hutibiwa na ubongo pia. Sasa yuko darasa la tatu. Jicho moja halioni vizuri.

Simtishi mtu. Vichwa vingi vinavyouma havina uvimbe, na si kila uvimbe wa ubongo ni saratani. Lakini mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na kifafa akianguka na kutetemeka, apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwingine kokote. Vivyo hivyo akilegea mkono na mguu wa upande mmoja, akianza kukosa maneno anayoyajua, akijigonga milangoni kwa kutoona pembeni, au mpole akibadilika tabia hadi nyumbani wamshangae. Kwa mtoto mchanga tazameni kichwa kinachokua haraka kuliko mwili na utosi uliotuna.

Ninachoomba kwa waganga wa zahanati zetu hakihitaji mashine. Kipimo cha malaria kikitoka hakina kitu, muulizeni mama saa ya kutapika, mtembezeni mtoto kwenye mstari ulionyooka, mtazameni macho. Mkiona walakini, mpeni rufaa, msimrudishe nyumbani na vidonge.

Na walimu, mtoto aliyekuwa na mwandiko mzuri akianza kuandika ovyo ghafla, mwiteni mzazi wake.

Mama mzazi,
Muheza, Tanga